Kozi ya ushairi ilinibadilisha, kaka yangu asema ni umri tu. Nyinyi mwaonaje?

#1 Mwana_Tudor (mleta uzi)

Sabalkheri wanajamvi.

Nina miaka 22, niko mwaka wa nne katika chuo kimoja hapa Mombasa, nasomea ualimu wa Kiswahili na Historia. Sikuyataka masomo hayo. Nilitaka uhasibu, alama hazikufika, nikapangiwa huku. Mwaka wa kwanza wote nilikaa nyuma karibu na dirisha, naingia natoka, hata msichana niliyekuwa nikikaa naye hakulijua jina langu.

Mwaka wa pili tukaanza kozi ya ushairi wa Kiswahili. Siku ya kwanza mhadhiri, mama mmoja wa sauti ndogo, aligawa karatasi yenye beti za zamani akasema kila mtu asome ubeti mmoja kwa sauti, hakuna kurukwa. Nikahesabu walio mbele yangu, nikahesabu beti, nikautafuta wangu kabla zamu haijafika. Mwisho wa mstari wa pili palikuwa na neno "mato".

Kwetu, upande wa mama, macho ni mato. Kichwa ni kitwa, njia ni ndia. Nilipokuwa darasa la saba nilisimama kusoma insha, nikasema "mato". Mwalimu akalirudia neno kwa kuniigiza, darasa zima likaangua kicheko. Tangu siku hiyo sikuinua mkono darasani. Miaka saba. Jibu nalijua, nakaa nalo.

Sasa neno lile lile liko mbele yangu limepigwa chapa, na watu arobaini wananisubiri. Nikasoma. Hakuna aliyecheka. Mhadhiri akasema, "Rudia, litamke kama mnavyolitamka kwenu." Nikarudia. Kisha akauliza darasa: kwa nini mshairi hangeweza kuandika "macho" hapo? Kimya. Nikajikuta nimesema mimi: kina kingevunjika, kwa sababu mistari mingine imeishia "to". Hilo ndilo jibu langu la kwanza darasani tangu utotoni.

Yaliyofuata ni mengi. Nilipewa kazi ya kukusanya nyimbo za vugo, zile za wanawake harusini, nikaenda Kibokoni kwa nyanyangu, ambaye zamani nilikuwa nikimtembelea Idi kwa Idi tu. Nimejifunza kubishana bila kulia. Nimejifunza kubadili mawazo mbele za watu.

Kaka yangu asema haya yote ni umri. Ati hata ningesoma uhasibu ningechangamka tu. Nimemjibu vibaya, tukanyamaziana siku mbili. Nataka kusikia kwenu: ni ushairi, ni mhadhiri, ama ni miaka? Na kuna aliyewahi kupitia jambo kama hili?

#2 Fundi_Mikindani

Mimi niko upande wa kaka yako. Sijasoma ushairi wowote baada ya kidato cha nne. Nikiwa na miaka kumi na minane nilikuwa siwezi kumwangalia mteja usoni. Nilipofika ishirini na moja nikawa napatana naye bei bila woga. Mwili ukikua na moyo hukua.

#3 Kahawa_Tungu

Mwanangu Mwana_Tudor, nimesoma maneno yako hata kahawa imepoa.

Mimi nalikuwa mtoto wa miaka kumi, twaenda skuli, tukisema "ndia" wakituteka. Tukisema "ndaa" wakituteka. Tukirudi nyumbani tukisema "njaa", nyanya zetu nao watuteka. Basi mtoto wa Mvita alikuwa hana pa kukaa na ulimi wake. Wengine tulikuwa na lugha ya nde na lugha ya ndani. Wengine walinyamaza, kama wewe.

Jambo ambalo vijana hamuambiwi ni kwamba uamuzi ulipitishwa hapa hapa mjini kwetu. Mkutano wa 1928 uliochagua Kiunguja, ulimi wa Unguja, kiwe msingi wa Kiswahili sanifu ulifanyika Mombasa. Kamati ya lugha ikaja 1930, vitabu vya skuli vikafuata. Wamishonari waliokaa Mvita walikuwa wakikipigania Kimvita, ulimi wetu wa Mombasa, wakashindwa. Sisemi walikosea kuchagua. Lugha ya skuli haina budi kuwa moja. Lakini kuchagua kimoja si ruhusa ya kumteka mwanafunzi anayesema kingine, na mashairi ya miaka mia mbili yaliyobeba jina la lugha hino yametungwa kwa ulimi huo anaotekwa nao.

Kwa hivyo jibu langu: si umri. Wewe ulirudishiwa kitu chako.

#4 Chapati_Moto

Ami Kahawa, pole sana. Waliwateka wakawapeleka wapi? 😂

#5 Kahawa_Tungu

Chapati_Moto, kuteka ni kucheka. Ulimi uguse meno ukisema hiyo t, si kama unavyoteka maji kisimani. Wewe wa bara ama wa wapi?

#6 Chapati_Moto

Nimezaliwa Changamwe, wazazi walitoka Machakos. Nimejifunza leo, ami. Naomba radhi, nilidhani mambo ya polisi.

#7 Nesi_Zamu

Asante kwa uzi. Mimi ni muuguzi, zamu za usiku. Nilipokuwa chuo cha uuguzi tulitakiwa kuchukua somo moja la nje, nikachukua fasihi kwa sababu ratiba yake haikugongana na mazoezi ya wodini. Tulisoma utenzi wa Mwana Kupona, yule mama wa hapa Mombasa aliyemwandikia binti yake usia akiwa mgonjwa. Kabla ya hapo, mgonjwa mahututi akianza kunieleza habari za watoto wake nilikuwa nikimwambia "pumzika mama, usiseme sana". Nilidhani namsaidia. Baada ya kusoma ule utenzi nikaelewa kwamba huenda hana usiku mwingine wa kusema. Sasa navuta kiti.

Siwezi kusema nimekua kwa mambo mengine. Bado mkali, waulize wanaofanya kazi na mimi. Lakini kile kiti nilifundishwa na fasihi. Hakuna somo la dawa lililonifundisha.

#8 Mwalimu_Mstaafu

Dada Nesi, uliyosema kuhusu kiti nimeyasoma mara mbili. Marekebisho kidogo tu: Mwana Kupona binti Msham hakuwa wa Mombasa. Alikuwa wa visiwa vya Lamu, mke wa Bwana Mataka aliyekuwa mtawala wa Siyu. Utenzi aliutunga 1858, na binti aliyemwandikia ni Mwana Hashima. Kwamba alikuwa mgonjwa, hapo uko sawa, na alifariki muda si mrefu baadaye.

Nimefundisha fasihi miaka thelathini na moja katika shule za upili, kisiwani na bara. Naomba niseme jambo ambalo halitawafurahisha wapenzi wa ushairi: wanafunzi wengi walipita mikononi mwangu, wakatambua tashbihi zote na takriri zote, wakapata A, wakatoka kama walivyoingia. Kama shairi peke yake lingekuwa dawa, nchi hii ingepona zamani, maana kila mtoto wa kidato cha nne husoma mashairi.

Nimesoma maelezo ya Mwana_Tudor nikaona kitu kimoja: mhadhiri hakuanza na "shairi hili ni la aina gani". Alianza na sauti. Aliwasomesha kwa zamu, kisha akauliza swali dogo ambalo jibu lake limo ndani ya karatasi. Hiyo ni kazi ya mwalimu. Mimi mwenyewe nilianza kufanya hivyo mwaka wa ishirini wa kazi, na ninajuta ile miaka ishirini ya mwanzo.

#9 Kivuko_Likoni

Mwalimu Mstaafu amegusa kidonda. Mimi nilisoma kozi kama hiyo, chuo kingine, na sikubadilika hata chembe. Sababu naijua: sikuwahi kusoma kitabu chenyewe. Nilisoma mwongozo. Nikisimama foleni ya feri asubuhi nafungua mwongozo, hapa maudhui, hapa wahusika, hapa mbinu za lugha, hadi naufikisha mguu kisiwani nimemaliza sura tatu za "uchambuzi" wa riwaya ambayo sijui inaanza na sentensi gani. Nikapata alama nzuri.

Juzi mdogo wangu alikuwa akisoma riwaya ile ile kwa sauti sebuleni nikashangaa kwamba inachekesha. Mwongozo haukuniambia inachekesha.

Maoni yangu: swali si kama fasihi hubadilisha mtu. Swali ni wangapi huisoma.

#10 Mwana_Tudor (mleta uzi)

Kivuko_Likoni, umenipa jibu ambalo sikuwa nimelifikiria! Beti tulizopewa hazikuwa na mwongozo. Tulitafuta mtandaoni, hakuna. Duka la vitabu, hakuna. Ilibidi tukae na karatasi yenyewe, na maneno mengine hata kamusi haina. Neno moja nililikwama nalo wiki nzima mpaka nikampigia nyanya. Akacheka (akateka!) akaniambia ni kitu anachokitumia jikoni kila siku.

Hapo ndipo nilipoanza kwenda kwake Jumamosi. Nikampelekea simu kurekodi nyimbo za vugo. Siku ya kwanza alikataa kuimba, akasema vugo haiimbwi na mtu mmoja aliyekaa kitako, vugo ni wanawake na pembe na harusi. Jumamosi ya pili akawaita mashoga zake wawili. Pembe hazikuwepo, wakapiga vijiko kwa sinia. Nilipomsomea nilivyoandika akanisahihisha mistari sita. Sijawahi kusahihishwa nikafurahi hivyo.

Mwalimu, shikamoo. Hilo la kuanza na sauti nimeliandika daftarini.

#11 Mwalimu_Mstaafu

Marahaba binti.

#12 Mhasibu_Nyali

Niseme kama mhasibu, nikiomba msivunjike moyo. Mwana_Tudor ametuambia darasa lilikuwa na watu arobaini. Wote walisoma beti zile zile, mhadhiri yule yule, wiki zile zile. Wangapi walibadilika? Wasiobadilika hawafungui uzi. Tukisikiliza waliobadilika pekee tutaona kozi ina nguvu kuliko ilivyo.

Pili, mimi nilikuwa mnyamavu vile vile, na aliyenitoa ni mwalimu wa hesabu za biashara. Alitufanya tusimame tueleze kwa nini pande mbili za leja hazilingani, na huwezi kuketi mpaka uone kosa liko wapi. Nilipoliona la kwangu mara ya kwanza mbele ya watu, nilihisi kama anavyoeleza dada hapo kuhusu kina. Kwa hivyo huenda si ushairi. Huenda ni kule kusimama, kupata jibu la kweli linaloonekana, na watu wakakuona unalipata.

#13 Kahawa_Tungu

Mhasibu, umesema maneno mazito, lakini leja yako ilikuwa na neno la nyanyako ndani?

#14 Mhasibu_Nyali

Haikuwa nalo, ami. Hapo nimenyamaza kwanza, nafikiri.

#15 Tanga_Mjini

Salamu kutoka ng'ambo ya mpaka. Sisi huku tumezoea kumtaja Shaaban Robert kila uzi wa ushairi ukifunguliwa, leo najizuia. Ila naona mnasifia vina sana. Mimi nilifunguka kwa mashairi huru, ya kina Kezilahabi, miaka ya sabini. Nilikuwa nadhani sina haki ya kuandika kwa kuwa sijui kupanga mizani 16. Nilipoona mtu ameandika bila vina na bado linauma, nikachukua kalamu. Kwa hiyo kwa mwingine kina ni mlango, kwa mwingine ni kufuli.

#16 Kahawa_Tungu

Tanga_Mjini, karibu sana, lakini kisicho na vina ni barua. Tusianze ugomvi ule wa vina wa miaka ya sabini hapa, hautaisha.

#17 Tanga_Mjini

Hahaha, sawa mzee. Barua zingine pia hubadilisha watu. Ile ya Mwana Kupona si barua kwa bintiye?

#18 Kahawa_Tungu

Yenye vina.

#19 Barza_ya_Makadara

Mnasema umri, umri. Abdilatif Abdalla, mtoto wa hapa Mombasa, alizaliwa 1946, akafungwa kwa sababu ya mashairi yake akiwa na miaka ishirini na kitu. Na Muyaka, mshairi wa zamani wa hapa, aliandika diwani yake mwenyewe bila kwenda chuo kikuu chochote. Washairi hawa walikomazwa na mashairi, si na vyuo.

#20 Mwalimu_Mstaafu

Nakubaliana na roho ya maneno yako, si na maelezo. Abdilatif hakufungwa kwa mashairi. Alifungwa kwa kijikaratasi cha kisiasa kilichouliza Kenya inaelekea wapi, kilichotolewa 1968. Alihukumiwa 1969, akatoka 1972. Mashairi aliyaandika akiwa gerezani, kwa siri, juu ya karatasi za msalani, ndiyo yakawa *Sauti ya Dhiki*, iliyochapishwa 1973. Tofauti hiyo ni kubwa kwa mjadala wetu: ushairi haukumpeleka pale, ushairi ulimtunza pale.

Na Muyaka, aliyefariki karibu na 1840, hakuacha diwani iliyopangwa. Beti zake zilikaa vifuani mwa watu wa Mvita. Mwalimu Sikujua bin Abdallah alizikusanya na kumfafanulia mmishonari Taylor karne ile ile, na Hichens ndiye aliyezitoa kama kitabu 1940. Miaka mia moja hivi tangu mtunzi afe. Kama nyanya na mababu wa hapa wangekuwa wameona haya kutamka maneno yao, pasingekuwa na cha kukusanya.

#21 Barza_ya_Makadara

Asante mwalimu, nimesahihishika. Lakini umeniongezea hoja: waliozihifadhi hawakuwa wanafunzi wa kozi.

#22 Chapati_Moto

Mwalimu kalamu nyekundu hajaiweka chini mpaka leo 😄 Endelea hivyo hivyo mzee wetu, twafaidika.

#23 Mama_wa_Watatu

Nimekuwa nikisoma tu tangu asubuhi, sasa niseme kama mzazi.

Binti yangu naye alisoma fasihi. Mnaongea kana kwamba kukua ni neema peke yake. Nyumbani kwangu kulikuwa na desturi: mimi na yeye tunaamka alfajiri, tunaumua unga, tunachoma mahamri ya kuuza, kaka zake wamelala. Mwaka wake wa pili chuoni akarudi likizo akaniuliza, kwa adabu kabisa, kwa nini wao wamelala. Nikamwambia ndivyo ilivyo. Akasema, "Mama, nani alisema ndivyo ilivyo?" Nilikasirika, nikamwambia chuo kimekuharibu. Siku tatu nikachoma peke yangu kwa hasira, nikakataa asinisaidie.

Siku ya nne niliamka nikakuta taa ya jikoni inawaka. Alikuwa amemwamsha mdogo wake wa kiume, anamwonyesha kusukuma. Mahamri yalikuwa hayana umbo. Wateja wakauliza leo kulikoni.

Sasa wavulana wanasukuma vizuri, na biashara imekua, siwezi kukataa. Lakini lazima niseme kweli: nilikuwa na mtoto mtulivu ambaye nilimwelewa bila yeye kusema. Yule sina tena. Huyu niliye naye nampenda na namheshimu, na ninajifunza kumwelewa upya. Wakati mwingine usiku namkumbuka yule wa kwanza. Mwana_Tudor, mamako amesema nini kuhusu mabadiliko yako? Umemuuliza?

#24 Nesi_Zamu

Mama, umenitoa machozi hapa kazini.

#25 Kivuko_Likoni

Swali la pembeni: hayo mahamri yanauzwa wapi? Na mbaazi zipo?

#26 Mama_wa_Watatu

Majengo, mwanangu. Mbaazi zipo, za nazi. Zikifika saa mbili zimeisha.

#27 Mwana_Tudor (mleta uzi)

Mama, sikuwa nimemuuliza. Niliposoma maneno yako nikatoka chumbani nikaenda kumuuliza. Alikuwa anapasi nguo. Akasema, "Mimi nilijua siku ulipoacha kunituma nikuongelee." Nikamwuliza ana maana gani. Akasema zamani nikitaka kitu kwa baba nilikuwa nikimtuma yeye. Nikitaka kitu dukani, nikimtuma yeye aseme. Sikukumbuka hata kidogo kwamba nilikuwa hivyo. Halafu akaendelea kupasi.

Nataka pia kueleza lile la kubadili mawazo, kwa sababu nililitaja nikalipita. Wiki ya tisa tulisoma huo huo utenzi wa Mwana Kupona. Mimi nilisimama nikausema vikali. Nilisema ni mzigo kwa wanawake, mume afanyiwe hivi, mume afanyiwe vile, na kwamba singemsomea binti yangu. Wengine wakapiga makofi. Kijana mmoja wa Lamu, ambaye naye huwa hasemi, akasema taratibu: "Lakini huyu mama anakufa. Anamwachia mtoto kile anachokijua kinaweza kumlinda katika ule mji, wakati ule. Wewe ungemwachia nini?" Sikuwa na jibu. Nilibaki nimesimama. Nikasema mbele ya wote, "Sijui. Niache nifikirie." Wiki iliyofuata nikasimama tena nikasema bado singemsomea binti yangu kama amri, lakini ningemsomea kama barua ya mama, na nimeona nilichokuwa sijaona. Mhadhiri hakusema nani ameshinda.

Kabla ya hapo nilidhani mtu akibadili mawazo ameaibika.

Sasa kaka yangu akisema ni umri, nashindwa kukubali, kwa sababu nakumbuka siku na saa. Umri hauna Jumanne saa nne asubuhi.

#28 Mhasibu_Nyali

Hiyo ya Jumanne imenigusa. Hata hivyo nitamtetea kaka yako kidogo: kijana wa Lamu angekuuliza swali hilo ulipokuwa na miaka kumi na sita, ungelia ukatoka nje. Mbegu ni ile ile, udongo ndio ulikuwa tayari.

#29 Fundi_Mikindani

Nimerudi. Nilianza na umri, sasa nimefikiria jana yote nikiwa chini ya gari.

Yule fundi aliyenifunza kazi, Mungu amrehemu, alikuwa haniambii ubovu uko wapi. Anawasha injini, ananiambia nisikilize, kisha anauliza, "Umesikia nini?" Nikisema upuuzi hanicheki. Anasema "sikiliza tena". Mafundi wengine pale mtaani walikuwa wakiwapiga wanagenzi wao spana. Sisi wa kwake tulikuwa watatu, na wote watatu leo tuna gereji zetu.

Kwa hiyo nakubali si miaka peke yake, maana wale waliopigwa spana nao walifika ishirini na moja. Lakini sikubali pia kwamba ni shairi. Mimi naona ni mtu kukuuliza umesikia nini halafu akangoja kweli kweli. Mhadhiri wako alingoja. Mwalimu wa Mhasibu alingoja. Nesi anavuta kiti, naye anangoja.

#30 Mwalimu_Mstaafu

Fundi, umenizidi kwa maneno mazuri na bado nakupinga. Kungoja ni nusu. Fundi wako alingoja, lakini injini ilikuwa pale, inanguruma, ina ubovu wa kweli. Angekuketisha kwenye kiti kitupu akakuuliza umesikia nini, ungesikia nini? Karatasi iliyogawiwa siku ile ilikuwa na kitu ndani. Nimeona walimu wema, wasikivu kabisa, wakifundisha vitabu vyepesi visivyo na kitu, na watoto wakatoka wamefurahi, basi.

#31 Fundi_Mikindani

Injini mbovu mwalimu mzuri, injini nzuri mwalimu mbovu, kipi afadhali?

#32 Mwalimu_Mstaafu

Hilo ni swali la mtihani, na mimi nimestaafu. Kesho nitakujibu nikilala nalo.

#33 Kivuko_Likoni

Nimepita maktaba leo kuulizia diwani ya Muyaka. Wameniambia niisome pale pale, haitoki nje. Nimesoma kurasa nne, nimeelewa moja. Hakuna mwongozo, nimehakikisha. Kesho narudi na daftari. Ami Kahawa, nikikwama nitakuuliza hapa.

#34 Kahawa_Tungu

Uliza, mwanangu. Na usisome kimya. Tafuta kona, usome kwa sauti hata kama watakuona mwehu. Beti zile zilitungwa zisikike sokoni na barzani. Ukizisoma kwa mato peke yake utaona nusu.

#35 Barza_ya_Makadara

Maktaba gani inakubali mtu kusoma kwa sauti?

#36 Kahawa_Tungu

Basi anakili atoke nde, akasomee chini ya mti.

#37 Mwana_Tudor (mleta uzi)

Asanteni nyote. Nimemwonyesha kaka uzi huu. Amesoma hadi kwa Fundi, akasema "si nilikwambia", nikamwambia asome na #29. Hajarudi kusema kitu. Lakini tumeongea, ameniomba rekodi ya nyanya.

Jumatatu naanza mazoezi ya ualimu, nimepewa kidato cha pili katika shule moja ya upande wa Kisauni. Somo la kwanza ni ushairi. Nimeambiwa nifundishe "aina za mashairi" na nimekaa nikiangalia ukurasa huo tangu magharibi. Nafikiri nitaanza na ubeti mmoja tu na kuwasomesha kwa zamu. Ninaogopa mtoto atasoma neno kwa namna ya kwao na wenzake wamcheke. Mwalimu Mstaafu, hapo wewe ulikuwa ukifanyaje?

#38 Mwalimu_Mstaafu

Soma wewe kwanza, na ulisome neno hilo kwa namna ya kwenu. Wakicheka, wamcheke mwalimu. Kisha uwaulize maana yake.

#39 Kahawa_Tungu

Na mimi nina ombi, binti. Nyanyako katika ule wimbo wa vugo wa kumpeleka bibi harusi, yuwasema "njia" ama "ndia"? Nina mwenzangu hapa tumebishana tangu isha.

#40 Mwana_Tudor (mleta uzi)

Nimempigia sasa hivi. Asema ni "ndia", na asema nani huyo amuulizaye saa tano ya usiku, aje Jumamosi aulize vizuri, na asije mikono mitupu.